Dinosaria Yuko kwa Banda la Susu

Disemba iliyopita nilikuwa shags, Kathiani, kwa Susu. Kuku alikuwa ameshachinjwa na mimi ndiye nimepewa kazi ya kunyonyoa, kwa sababu simu yangu ilikuwa imezima na sikuwa na kisingizio. Binamu yangu wa Gredi ya 6 akaja mbio na simu ya mamake. "Kaka, ona! Wamepata dinosaria Kongo!"

Ilikuwa ile video. Mnaijua. Maji rangi ya chai ya rangi, kitu cheusi chenye shingo ndefu kinatokeza, kamera inatetemeka kama imeshikwa na abiria wa boda kwa barabara ya mashimo, halafu sauti ya Kizungu inasema Afrika bado inaficha siri zake. Dakika moja na nusu. Hakuna kitu unaona.

Nikamwambia dogo, huyo wa Kongo ni uongo, lakini huyu nimemshika miguu hapa ni dinosaria wa ukweli. Akacheka. Susu akacheka zaidi. "Basi maliza kumnyonyoa huyo dinosaria wako, maji yanapoa."

Sikuwa natania. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma hii mambo, na kadiri nilivyosoma ndivyo ile video ilivyonikasirisha. Sio kwa sababu ni feki. Vitu feki tumezoea. Ni kwa sababu ya ile sauti: Afrika inaficha siri. Mbona kila mtu akitafuta dinosaria aliye hai anakuja huku kwetu? Mbona hakuna anayemtafuta Ubelgiji?

Tuanze na huyo wa Kongo. Anaitwa mokele-mbembe, na anasemekana kuishi kwenye vinamasi vya Likouala, kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, karibu na Ziwa Tele. Watu wa huko wana hadithi zao za wanyama wa mtoni, kama vile kila jamii ilivyo na zake. Lakini kumpa huyo mnyama jina la dinosaria ni kazi ya wageni. Mwaka 1909 mfanyabiashara wa wanyama kutoka Hamburg, Carl Hagenbeck, alichapisha kitabu akidai kuna mnyama nusu ndovu nusu joka kwenye vinamasi vya Rhodesia, na akakisia kwamba ni aina ya dinosaria. Magazeti yakashika moto. Mwaka 1913 afisa mmoja Mjerumani akaandika ripoti kuhusu mokele-mbembe, na tangu hapo misafara haijaisha. Roy Mackal, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, alienda 1980 na akarudi 1981. Alirudi nyumbani na hadithi. Hakuwa na mfupa, ngozi wala jino.

Sasa shika hiyo tarehe, 1909, kwa sababu mwaka huohuo kuna dinosaria halisi walikuwa wanatolewa Afrika Mashariki. Hawa hawakuwa siri yoyote. Walibebwa kichwani.

Kuna kilima kinaitwa Tendaguru, kusini mwa Tanzania, kama kilomita 60 kutoka mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa kupita kiasi umetokeza kwenye udongo. Habari zikafika Ujerumani, na kuanzia 1909 hadi 1913 makavazi ya Berlin yakaleta msafara. Mabosi walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck. Hayo majina utayapata kila mahali. Lakini wachimbaji walikuwa watu wa huku, kufikia kama 500 kwa msimu mmoja. Walichimba mashimo, wakasafisha mifupa, wakaifunga kwa udongo na mianzi isivunjike, kisha wapagazi wakaibeba hadi Lindi. Safari ya siku kama nne kwa miguu, na ilirudiwa mara maelfu. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilipanda meli kwenda Berlin.

Kumbuka ilikuwa wakati gani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha 1907, juzi tu. Ili kuvizima, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Wamwera wa Lindi walikuwa ndani ya vita hivyo. Kwa hivyo mtu amezika watu wake, miaka miwili baadaye anabeba paja la dinosaria kwa ujira mdogo kulipeleka kwa serikali iliyochoma ghala lake. Nikisoma vitabu vinavyosema ulikuwa msafara mkubwa wa kisayansi, nakubali ulikuwa mkubwa. Ila mkubwa kwa nani, na juu ya mgongo wa nani?

Mnyama maarufu kutoka hapo anaitwa Giraffatitan. Zamani waliandika Brachiosaurus, wakabadilisha. Watanzania wengi humuita mjusi wa Tendaguru. Mwaka 1937 walimsimamisha kwenye makavazi ya Berlin na mpaka leo yuko hapo, urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani, yaani ghorofa nne. Aliishi miaka karibu milioni 150 iliyopita. Wabunge wa Tanzania wameuliza bungeni zaidi ya mara moja kama atarudi nyumbani. Bado yuko Berlin. Kuna mwenzake mdogo kutoka kilima hichohicho, Dysalotosaurus lettowvorbecki, aliyepewa jina mwaka 1919. Jina la pili linamheshimu Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Huyo jamaa hakuchimba hata kidole cha dinosaria.

Aliyechimba ni Boheti bin Amrani. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wa wachimbaji na fundi mkuu wa kutayarisha mifupa. Alingoja hadi 2007 ndipo mwanasayansi mmoja akaipa spishi mpya ya Tendaguru jina Australodocus bohetii. Mwaka 2019 dinosaria mwingine wa huko akaitwa Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Karibu miaka 100 imepita. Heri kuchelewa, sawa, lakini tuseme ukweli kwamba walichelewa.

Waingereza nao walikuja Tendaguru 1924, baada ya Ujerumani kunyang'anywa koloni. Kwenye msafara huo alikuwemo kijana aliyezaliwa Kabete, akachukuliwa kwa sababu aliijua Afrika na Kiswahili. Jina lake Louis Leakey. Tutarudi kwa familia hiyo.

Ukiweka hizo hadithi mbili pamoja utaona kitu. Miaka ileile ambayo mikono ya Waafrika ilikuwa inatoa mifupa ya dinosaria ardhini, kwa ustadi, magazeti ya Ulaya yalikuwa yanauza hadithi kwamba Waafrika wanaishi na dinosaria vinamasini. Mtu anachimba kama fundi, halafu anaandikwa kama mwanakijiji anayeogopa joka. Ni kama bara zima lilisahauliwa na wakati. Na mpaka leo biashara hiyo inaendelea, ila sasa iko kwa simu ya shangazi yangu.

Tena hata joka lenyewe limepitwa na wakati. Miaka ya 1900 wanasayansi wengi walidhani dinosaria wenye shingo ndefu walikuwa wazito mno kutembea nchi kavu, kwa hivyo wakawachora wakiwa wamezama kwenye vinamasi, shingo tu inaonekana. Baadaye ikajulikana kwamba walikosea. Miguu yao ilikuwa kama nguzo, nyayo zao zinaonyesha walitembea nchi kavu vizuri tu. Sasa niambie: inakuwaje huyo mnyama wa Kongo anaishi vilevile kama kwenye michoro yenye makosa ya 1909? Kama angekuwa dinosaria wa kweli angekuwa anatembea, na majirani wangekuwa wanalalamika ameingia shambani.

Najua kuna msee ashaanza kuandika: na je, silikanti? Hoja nzuri, twende nayo. Silikanti ni samaki aliyejulikana kwa visukuku peke yake, na watu wakaamini aliisha pamoja na dinosaria. Halafu Disemba 1938 mmoja akavuliwa Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa akisimamia makavazi madogo ya mji wa East London, akamuona kwenye rundo la samaki. Baadaye wakapatikana Komoro. Mwaka 2001 meli ya uvuvi ikanasa mmoja karibu na Malindi, hapa kwetu Kenya, na kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania wamewatoa wengi, hasa Tanga, mpaka kukatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao.

Lakini angalia silikanti anatufunza nini. Anaishi kwenye mapango chini ya bahari, mbali kuliko mzamiaji wa kawaida anavyofika. Na bado alinaswa. Akanaswa tena na tena. Kama mnyama yupo, siku moja anaingia kwa wavu wa mtu. Dinosaria wa ukubwa wa lori hawezi kuwa mmoja. Lazima kuwe na mama, baba, watoto, mamia yao, kizazi baada ya kizazi kwa miaka milioni 66. Mamia ya malori yanayokula, kunya na kufa. Mifupa iko wapi?

Na hapo ndipo napata sababu ya kujigamba kama mtu wa Masaku. Kama kuna watu wametafuta mifupa Afrika Mashariki mpaka ikaisha visingizio, ni Wakamba. Kundi la wachimbaji lililofanya kazi na akina Leakey kule Turkana lilikuwa na Wakamba wengi sana, na kiongozi wake alikuwa Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni wakati bado iko chini ya wilaya ya Machakos. Utotoni alichunga mbuzi. Mwaka 1984, Nariokotome, aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi moja na changarawe zilizokizunguka. Kikawa Mvulana wa Turkana, mmoja wa mifupa kamili zaidi ya mababu wa binadamu kuwahi kupatikana, wa miaka karibu milioni 1.5. Kimeu alifariki 2022. Kuna nyani wa kale anaitwa Kamoyapithecus kwa ajili yake. Mimi nilimaliza sekondari Machakos na hakuna siku nilisikia jina lake darasani.

Turkana ni ushahidi mzuri kuliko hoja zangu zote. Huko kuna mawe ya umri tofauti. Kwenye milima ya Lapur, magharibi mwa ziwa upande wa kaskazini, kuna mchanga wa kale uliogeuka mwamba, na ndani yake imepatikana mifupa ya dinosaria. Ndio, Kenya tuna dinosaria wetu. Ukishuka kwenye tabaka changa zaidi, za miaka milioni nne, milioni mbili, milioni moja, unapata ndovu, viboko, mamba, nyani, binadamu, maelfu kwa maelfu ya visukuku. Macho makali kama ya Kimeu yalipita hapo kwa miongo. Yaliona jino la nyani kwenye changarawe. Hayakuona dinosaria hata mmoja.

(Kabla mtu achukue jembe: shamba la babako hapa Machakos halina dinosaria. Miamba ya vilima vya Iveti ni ya zaidi ya miaka milioni 500, kabla dinosaria wawepo. Lava ya uwanda wa Yatta ni ya miaka kama milioni 13, wakati washaenda. Sisi tulipita enzi nzima ya dinosaria kama mtu aliyelala kwa matatu akapitishwa steji.)

Basi nini kiliwamaliza? Hapa sitakaa sana, kwa sababu ndiyo sehemu kila mtu anajua nusu. Miaka milioni 66 iliyopita asteroidi ya upana wa kama kilomita 10 iligonga pale ambapo leo ni Yucatán, Mexico, ikaacha shimo la karibu kilomita 180. Mwaka 1980 Luis Alvarez na mwanawe Walter ndio walitangaza dalili za kwanza: tabaka jembamba la udongo huko Gubbio, Italia, lenye madini ya iridiamu mengi kuliko kawaida ya ardhi ya dunia. Shimo lenyewe likatambuliwa miaka kama kumi baadaye. India nako volkano kubwa zilikuwa zinamwaga lava wakati huohuo, na wataalamu bado wanabishana zilichangia kiasi gani.

Mgongano wenyewe uliua waliokuwa karibu. Waliobaki waliuawa na giza. Vumbi, masizi na salfa vilifunika anga, jua likapotea, mimea ikaacha kukua. Anayekula majani akafa, kisha anayemla huyo naye akafuata. Karibu robo tatu ya aina zote za viumbe zilitoweka. Susu hahitaji kufundishwa hii. Aliuona ukame wa 1984. Anasema ng'ombe walikwenda kwanza, kwa sababu ng'ombe anataka nyasi nyingi kila siku. Mbuzi wakajikaza. Kuku wakabaki wanachakura nyuma ya jikoni, wanaokota mbegu ambazo mtu hata hazioni.

Kwa maneno ya Susu, hiyo ndiyo nadharia inayokubaliwa na watafiti wengi. Mkubwa hakupona. Waliopona walikuwa wadogo, wanaoishi chini badala ya kutegemea misitu iliyoungua, wenye midomo ya kuweza kupasua mbegu zilizobaki udongoni. Na baadhi yao walikuwa dinosaria.

Ndege hawakutokana na dinosaria halafu wakawa kitu kingine. Ndege ni dinosaria, kama popo alivyo mnyama anayenyonyesha hata kama anaruka. Wako kwenye ukoo mmoja na Tyrannosaurus, ule wa wanaotembea kwa miguu miwili. Hii si fununu mpya. Archaeopteryx, mwenye manyoya ya ndege na meno na mkia wa mifupa, alipatikana Ujerumani 1861. Miaka ya 1960 John Ostrom wa Marekani alimchunguza Deinonychus akaona mkono wake unafanana kabisa na bawa. Na 1996 China ikatoa Sinosauropteryx, dinosaria ambaye si ndege lakini ana manyoya mwilini. Baada ya hapo mabishano yakapoa sana.

Wewe huhitaji kwenda China. Ukipewa kuku, angalia mguu: magamba, vidole vitatu mbele, kucha. Nyayo za dinosaria wala nyama zina umbo hilohilo. Kale kamfupa ka umbo la V kifuani, ambako watoto huvutana, Tyrannosaurus alikuwa nako. Vunja mfupa wa bawa, uko wazi ndani. Kuku anayeatamia naye ana historia. Mwaka 1924 dinosaria mmoja wa Mongolia alipewa jina Oviraptor, maana yake mwizi wa mayai, kwa sababu alipatikana juu ya kiota. Miaka ya 1990 ikagunduliwa kwamba mayai ya aina ile yalikuwa yao wenyewe. Mama wa watu alikuwa anaatamia, akaitwa mwizi kwa miaka 70.

Kwa hivyo ukikunja kona ya Nyayo Stadium ukaona wale korongo wakubwa wenye vipara wamekaa juu ya miti kama mahakimu, wanakutazama vibaya, hiyo hisia unayopata ni sahihi. Hao ndio. Dunia ina kama aina 11,000 za ndege, na Kenya peke yake zaidi ya 1,000. Kwa hesabu ya aina, dinosaria bado wametupita sisi wanyonyeshao. Na ule mjusi wa Tendaguru hakuwa mjusi. Giraffatitan ni ndugu wa karibu zaidi wa kuku wa Susu kuliko wa mjusi kafiri aliye ukutani kwako.

Kitu kimoja kimenipa moyo. Kule Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, wanasayansi wamekuwa wakitoa dinosaria wapya, na majina yamebadilika. Mwaka 2017 alitangazwa Shingopana. Soma tena polepole: shingo pana. Mwaka 2019 akaja Mnyamawamtuka moyowamkia, mnyama wa Mtuka, ule mto alikopatikana, na moyo wa mkia, kwa sababu mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Jina la kisayansi ambalo mtoto wa Kathiani analielewa kabla profesa wa Oxford hajaelezewa.

Nilimsomea binamu yangu hayo majina kwa simu wiki jana. Kumbe alihifadhi mifupa ya yule kuku wa Disemba. Aliichemsha, akaianika juu ya paa la choo, sasa ameipanga kwa katoni ya viatu, na kila mmoja ameuandika namba kwa kalamu. Jina la spishi ameandika kwa kifuniko: Mnyamawasusu. Susu amesema jina hilo ni refu sana kwa kitu kililiwa siku moja, na anataka kujua katoni yake ya viatu ilienda wapi.